Fibromialjia: maumivu yasiyosikia diklofenaki

Mwaka 1986 Don Goldenberg na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo lenye kusema mengi. Walichukua wagonjwa 62 wa fibromialjia, ugonjwa wa maumivu sugu yaliyoenea mwilini, wakawagawa kwa kura katika makundi manne na kuwafuatilia kwa majuma sita. Kundi la kwanza lilipewa naproksini, ndugu wa ibuprofeni na diklofenaki, miligramu 500 mara mbili kwa siku. La pili lilipewa amitriptilini, dawa kongwe ya sonona, miligramu 25 tu usiku, kiasi ambacho hakifiki hata kutibu sonona yenyewe. La tatu lilipewa zote mbili, la nne vidonge vitupu. Waliomeza amitriptilini walipata nafuu ya maumivu, usingizi na uchovu. Waliomeza naproksini peke yake hawakuwapita wenzao wa vidonge vitupu kwa lolote la maana.

Imepita karibu miaka 40, na mwenye ugonjwa huu akiingia leo duka la dawa Kariakoo au River Road akasema mwili wote unamuuma, kuna uwezekano mkubwa atatoka na diklofenaki. Akirudi juma lijalo atapewa sindano ya hiyo hiyo. Muuzaji hana nia mbaya. Mwili ukiuma, mazoea yetu ni kutafuta kilichovimba au kilichochanika, na dawa tulizozoea zimetengenezwa kwa ajili ya vitu hivyo. Fibromialjia haina kilichovimba. Ndiyo maana swali la kwanza la mgonjwa, dawa yake ni ipi, halijibiki vizuri kabla ya kujua maumivu yenyewe yanatengenezwa wapi.

Yanatengenezwa njiani. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Richard Gracely waliwalaza wagonjwa 16 na watu wazima wa afya 16 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaminya ukucha wa kidole gumba. Mkandamizo mdogo ambao wenye afya waliuhisi kama mguso tu uliwaumiza wagonjwa, na picha zikaonyesha sehemu za ubongo zinazoshughulikia maumivu zikifanya kazi kweli kweli. Ili mtu mwenye afya afikie maumivu hayo, ilibidi aminywe kwa nguvu zaidi sana. Kwa hiyo anayesema anaumia anaumia. Mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo wake vimekuwa kama mbwa wa ulinzi aliyezoea kubwekea wezi, akafika mahali anambwekea hata mwenye nyumba. Shirika la kimataifa la wataalamu wa maumivu lilikubali mwaka 2017 kuyapa maumivu ya namna hii kundi lake, tofauti na yale ya kidonda na yale ya mshipa uliokatika.

Na usingizi umo ndani yake. Harvey Moldofsky wa Toronto alionyesha mwaka 1975 kwamba ukimnyima mtu mzima wa afya usingizi mzito kwa kumpigia kelele kila anapozama, baada ya siku chache huamka misuli inamuuma na anachoka kama mgonjwa. Ukiuweka ugunduzi huo kando ya jaribio la Boston unaanza kuona kwa nini kidonge kidogo cha usiku kilishinda vidonge vikubwa vya mchana.

Kabla ya dawa kuna jina la ugonjwa, na kwetu hapo ndipo watu wanapopotelea miaka. Chukua mama wa makamo anayeuza mitumba. Shingo inamuuma, mabega, kiuno, mapaja, na asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Anapimwa malaria, anapimwa taifodi na kuambiwa ipo kidogo, anapimwa mkojo. Anapigwa picha ya mgongo, anaambiwa pingili zimesagika, jambo linaloonekana kwenye picha za watu wengi wa umri wake wasioumwa chochote. Kila kipimo kinaleta dozi. Vipimo vikiisha bila jibu, wa nyumbani wanaanza kunong'ona: kuna anayesema karogwa, kuna anayesema mvivu. Wakati huo wote hakuna aliyemuuliza analala vipi.

Ugonjwa huu hauna kipimo cha damu. Hutambuliwa kwa mazungumzo na uchunguzi wa mwili. Vigezo vya madaktari wa Marekani vya mwaka 1990 vilitaka mgonjwa aminywe sehemu 18 za mwili na aumie angalau kwenye 11. Tangu 2010 hesabu ya kuminya imeachwa, na kwa marekebisho ya 2016 kinachoangaliwa ni maumivu yaliyoenea angalau kanda nne kati ya tano za mwili kwa muda usiopungua miezi mitatu, pamoja na uchovu, usingizi usioburudisha na akili kuwa nzito. Badiliko hilo lilifichua pia wanaume wengi waliokuwa wakikosa kuhesabiwa, ingawa wanawake bado ndio wengi. Makadirio ya kawaida ni watu 2 hadi 4 kwa kila 100. Wala huu si ugonjwa wa Wazungu tu: madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, wameutafuta kwa wagonjwa wao wa nje na kwa watu wanaoishi na VVU, na wameukuta.

Vipimo vichache bado vina kazi yake. Tezi ya shingo iliyolegea huleta uchovu na misuli kuuma. Upungufu wa damu, homa ya ini, kisukari na ukosefu wa vitamini D vinaweza kufanana nao. Chikungunya, ambayo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza Newala, kusini mwa Tanzania, mwaka 1952, huwaachia baadhi ya watu viungo vinavyouma kwa miezi. Viungo vilivyovimba, homa, kukonda au udhaifu wa upande mmoja ni dalili za kitu kingine, na hizo zitafutiwe sababu haraka. Ila fibromialjia inaweza kukaa pamoja na baridi yabisi ya kweli au lupasi kwa mtu mmoja, na daktari asipoijua ataendelea kuongeza dawa kali za viungo huku damu inaonyesha vimetulia.

Turudi kwenye dawa, kwa sababu huko ndiko mabishano yaliko. Amitriptilini ndiyo ningeiweka mbele kwa mgonjwa wa kawaida wa Afrika Mashariki, na bei si sababu pekee. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambako imewekwa kwa ajili ya sonona, na hospitali nyingi huwa nayo. Tembe iliyozoeleka ni ya miligramu 25. Daktari anayeijua huanza na nusu yake au hata 10, imezwe saa mbili tatu kabla ya kulala ili usingizi wa dawa usimwagike asubuhi. Akipandisha, hupandisha kidogo kidogo kwa majuma, mara nyingi asipite 50. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba kinywa kitakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, uzito unaweza kupanda na siku za kwanza atakuwa na usingizi. Aambiwe pia kwamba hajapewa dawa ya wazimu. Wengi hukunjua karatasi ya maelezo, wakasoma neno sonona, wakaitupa dawa yote. Mwenye presha ya macho, mwenye hitilafu ya mapigo ya moyo na mzee anayeshindwa kukojoa vizuri hawafai kuanzishiwa bila uangalifu. Ushahidi wake, ukweli usemwe, unatokana na majaribio madogo ya zamani. Hakuna kampuni itakayolipia jaribio kubwa la kidonge kisichoiletea faida.

Zile tatu zilizotajirisha makampuni zina hadithi tofauti. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha pregabalini kwa fibromialjia mwaka 2007, duloksetini mwaka 2008 na milnasiprani mwaka 2009. Mamlaka ya Ulaya, ikitazama kwa sehemu kubwa majaribio yale yale, ilizikataa zote tatu kwa ugonjwa huu kati ya 2008 na 2009, ikiona kwamba faida ni ndogo na haikuthibitishwa kudumu. Wote wawili walisoma takwimu sawasawa. Katika mapitio ya majaribio yaliyofanywa na shirika la Cochrane, watu 22 hadi 24 kati ya 100 waliotumia pregabalini walipata nafuu ya nusu ya maumivu au zaidi, dhidi ya 14 waliopewa vidonge vitupu. Marekani iliwatazama wale 22. Ulaya iliwatazama wale wengine wote, ambao baadhi yao walibaki na kizunguzungu, kuvimba miguu na kunenepa bila malipo yoyote.

Mimi niko karibu zaidi na Ulaya, lakini siwezi kumwambia yule aliyepata nafuu ya nusu kwamba dawa yake haifai. Wastani huficha hapa: watu wachache hupata nafuu kubwa, wengi hawapati kitu, na hakuna njia ya kujua mapema nani atakuwa nani. Hivyo dawa hizi zijaribiwe kwa muda unaojulikana, na zisipozaa zishushwe taratibu. Duloksetini, kwa kawaida miligramu 60, inamfaa zaidi mwenye sonona pamoja na maumivu. Pregabalini inamfaa zaidi asiyelala na mwenye wasiwasi, ila nayo huzoesha mwili. Uingereza iliiweka chini ya sheria ya dawa za kulevya mwaka 2019. Mwaka 2025 Marekani iliongeza ya nne, saiklobenzaprini ya kuyeyusha chini ya ulimi wakati wa kulala, ambayo ni dawa ya zamani ya kulegeza misuli, jirani wa karibu wa amitriptilini kwa umbo. Naltreksoni ya dozi ndogo, inayosifiwa sana na wagonjwa wa nchi za nje, ilijaribiwa Denmark kwa wanawake 99, na matokeo ya 2023 hayakuonyesha kwamba inapunguza maumivu kuliko kidonge kitupu.

Dawa za jamii ya morfini ni jambo la kupigia mstari. Uchunguzi wa Richard Harris wa Michigan mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika ubongo wa wenye fibromialjia, vipokezi ambavyo morfini hushika vina nafasi pungufu, kana kwamba mwili umeshavijaza kwa dawa yake wenyewe. Ukiongeza kutoka nje huna pa kuiweka, na baada ya muda zenyewe huchochea maumivu. Tramadoli inasimama pembeni kidogo, kwa kuwa hufanya kazi kwa njia mbili, na miongozo ya Ulaya inairuhusu kwa shingo upande. Kwetu ningeiogopa: inazoeleka, inauzwa kwa mlango wa nyuma, na ikikutana na amitriptilini au duloksetini inaweza kuleta degedege. Prednisoni, dawa ya jamii ya steroidi, ilijaribiwa tangu 1985 na haikusaidia. Mgonjwa anayepewa unga wa mitishamba ukamfuta maumivu yote siku mbili, kisha uso ukaanza kujaa, ana sababu ya kuuliza kama ndani hamna steroidi.

Mwaka 2021 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilikwenda mbali zaidi kuliko wengi walivyotarajia. Kwa maumivu sugu ya aina hii ilisema wagonjwa wasianzishiwe parasetamoli, dawa za jamii ya ibuprofeni, za jamii ya morfini wala pregabalini. Ikaacha dawa za sonona peke yake. Wagonjwa wengi wa huko walikasirika, na hasira yao inaeleweka: mtu aliyenyang'anywa kidonge huhisi amenyang'anywa na imani ya daktari.

Kilichobaki baada ya kupunguza hayo yote ni kitu kisichouzwa. EULAR, jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa magonjwa ya viungo, ilipitia matibabu yote katika miongozo iliyochapishwa 2017. Kati ya yote, dawa na yasiyo dawa, ni moja tu lililopewa pendekezo la nguvu: mazoezi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka huo huo yalikusanya majaribio 13 ya mazoezi ya kuongeza pumzi, kama kutembea haraka na kuendesha baiskeli, yenye watu 839, yakaona maumivu yanapungua kidogo na maisha ya kila siku yanakuwa bora. Nchini Sweden wanawake 130 waligawanywa, nusu wakajifunza kunyanyua uzito kwa kupandisha polepole mara mbili kwa juma kwa majuma 15, nusu wakafundishwa kutulia. Wanyanyuaji walipata nguvu na maumivu yakapungua. Boston tena, mwaka 2018, Chenchen Wang alilinganisha tai chi, ile michezo ya polepole ya Wachina, na mazoezi ya kuongeza pumzi kwa watu 226. Tai chi haikushindwa, na walioifanya majuma 24 walinufaika kuliko wa majuma 12.

Ukimwambia yule mama wa mitumba afanye mazoezi atakucheka, na ana haki. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anabeba robota, anasimama kutwa juani, jioni anapika na kufua. Mazoezi gani tena? Jibu ni kwamba kazi humtaka mwili kwa kiasi kisichopimika: siku yenye nafuu anafanya ya siku tatu, kesho yake hainuki, keshokutwa analala, halafu anaanza upya. Kila mzunguko unamfundisha ubongo wake kwamba kujongea ni hatari. Mazoezi ya tiba yana sifa ambayo kazi haina, yaani kiasi chake hakitegemei siku ilivyo. Anaanza na dakika tano za kutembea tambarare, hata akiona ni mzaha. Siku yenye nafuu ni tano. Siku mbaya ni tano, au tatu, lakini si sifuri. Baada ya juma au mawili anaongeza dakika moja au mbili. Maumivu kuongezeka kidogo mwanzoni ni kawaida na hayamaanishi ameumia mahali. Yakimlaza siku mbili, amepanda haraka, ashuke ngazi moja. Mafanikio huhesabiwa kwa miezi. Anayeandikiwa „fanya mazoezi“ kwenye cheti bila kuambiwa haya yote atajaribu nusu saa siku ya kwanza, atalala siku tatu, na atakuwa sahihi kabisa kusema yamemshinda.

Upande wa kazi yenyewe, hapo ndipo ushauri mwingi wa vitabu vya nje hauna msaada, maana unamfikiria mtu mwenye kiti cha ofisi. Robota lifunguliwe sokoni na libebwe vipande. Nguo za kufua zigawanywe siku tatu badala ya kuziua zote Jumapili. Apumzike kabla hajachoka, jambo gumu kwa mwanamke aliyelelewa kuona kukaa ni aibu, na ndiyo maana mume na watoto wangefaa kuingia naye chumba cha daktari.

Maji ya vuguvugu husaidia wengi, kwa sababu hubeba uzito wa mwili na kulegeza misuli. Ulaya hilo linahitaji bwawa la kupashwa moto na ada. Anayeishi Tanga, Malindi au Unguja ana bahari ambayo mwaka mzima haipoi sana, na kutembea maji yakiwa kiunoni, ufuoni kusiko na mkondo, humfanyia mtu kazi ileile bila malipo. Achague saa za maji matulivu na aende na mwenzake.

Watu wa pwani wataniuliza kuhusu chuku. Ujerumani ilijaribiwa: mwaka 2016 Romy Lauche na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 141, wengine wakiumikwa mgongoni, wengine wakiwekewa vikombe visivyovuta sawasawa, wengine wakiendelea na tiba zao za kawaida. Walioumikwa walipata nafuu kuliko wa tiba za kawaida, lakini hawakuwapita wa vikombe vya bandia. Ninavyolisoma tokeo hilo, kulazwa, kushikwa na kuangaliwa na mtu mwenye utulivu kwa muda kuna faida yake, na ufyonzaji wenyewe hauongezi mengi. Anayetaka aende, ila nisingemshauri kuchanjwa: wembe huleta homa ya ini na VVU, na faida ya kuchanja haipo. Sindano za Kichina zimepata pendekezo hafifu la EULAR, na NICE inaziruhusu kwa awamu moja. Kukandwa huburudisha kwa muda, mradi mkandaji asiminye kama anayekanda unga wa chapati. Wengi wa wagonjwa hawa huamka siku ya pili wamevilia.

Tiba ya mazungumzo ndiyo inayoleta ugomvi zaidi, kwa sababu mgonjwa akielekezwa huko husikia kwamba anaambiwa anajitungia. Aonyeshwe ile picha ya ukucha kwanza. Mazungumzo haya hayatafuti kosa la roho. Humfundisha mtu kupanga siku, kurudisha usingizi, kuacha kuogopa kila mchomo, na kuishughulikia sonona pale ilipo, maana ikiachwa huzidisha maumivu na maumivu huizidisha. Faida yake kwa maumivu yenyewe ni ndogo, kwa maisha ni kubwa kidogo, na hudumu baada ya vikao kuisha, jambo ambalo vidonge haviwezi. Wanasaikolojia kwetu ni wachache na wako mijini. Zimbabwe ilionyesha njia kwa sonona: akina bibi waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na jaribio lililochapishwa 2016 lilithibitisha kwamba kazi yao huponya. Sioni kwa nini mpangilio huo usijaribiwe kwa maumivu sugu.

Wapo watafiti wanaodhani hadithi yote itabadilika. Mwaka 2021 Andreas Goebel wa Liverpool na wenzake walichukua kingamwili kutoka damu ya wagonjwa, wakawadunga panya, na panya wakawa wepesi kuumia; kingamwili za watu wenye afya hazikufanya hivyo. Ikithibitika kwa binadamu, huenda siku moja kukawa na kipimo cha damu, na tiba ya kinga kwa baadhi ya wagonjwa.

Kwa sasa kinachopungua kwetu ni muda. Mabingwa wa magonjwa ya viungo ni wa kuhesabika, wako hospitali kubwa, na foleni zao ni ndefu. Lakini sehemu kubwa ya niliyoyaeleza inaweza kufanywa na tabibu wa kituo cha afya aliyefundishwa kuutambua ugonjwa, akishirikiana na mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya. Siku ya kwanza inahitaji zaidi ya zile dakika chache za kawaida, ili maelezo yakamilike na diklofenaki isimamishwe. Mgonjwa arudi baada ya majuma manne hadi sita, na asianze kuulizwa maumivu ni mangapi kwa kumi. Aulizwe analala saa ngapi mfululizo, anatembea dakika ngapi, na kazi gani ameirudia ambayo alikuwa ameiacha. Majibu hayo yakisogea, dawa ibaki kama ilivyo. Yasiposogea na dozi imeshafika panapofaa, ishushwe kwa majuma kadhaa na ijaribiwe nyingine, moja kwa wakati, huku zile dakika za kutembea zikiendelea kupanda.